Kinoo, Tupa na Msasa: Namna ya Kupata Makali Laini

Kisu kilichotoka kwenye grainda hukata. Kitachana karatasi, kitapita kwenye nyama siku ya kwanza, na mwenye kisu ataondoka ameridhika. Lakini kigeuze kwenye mwanga uutazame mwinamo, yaani ile sehemu inayoshuka kutoka bapa la kisu hadi kwenye makali yenyewe. Utaona mistari imelala sambamba kama matuta ya viazi. Kila mstari ni mfereji uliochimbwa na chembe ya jiwe, na kila mfereji unapofika ukingoni huacha jino. Makali ya kisu hicho ni safu ya meno yasiyolingana, mengine yamesimama na mengine yamelala. Baada ya kazi kidogo meno hayo hukunjika na kuvunjika, mtu anarudi kwa fundi, chuma kinaliwa tena, na kisu cha bucha kilichonunuliwa kikiwa kipana kinabaki utepe kabla ya wakati wake.

Kunoa hadi mwinamo uwe laini kunaokoa chuma hicho. Nawaandikia hasa watu wa Nyololo, kata ya Wilaya ya Mufindi iliyo kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, kati ya Mafinga na Makambako, pale inapochepuka njia ya Igowole na Mtwango. Eneo hili lina makali ya kila aina: kisu cha muuza nyama, kisu cha mama ntilie wa kumenyea viazi, patasi na randa za seremala anayefanya kazi na mbao za paina kutoka Sao Hill, panga na mundu wa mkulima, na kisu cha mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Vitu vya kunolea vinavyofaa kazi zote hizo vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya rangi za magari. Ulaini hautoki kwenye kinoo kimoja cha ajabu. Unatokana na kupanga vinoo kwa zamu, kila kimoja kikifuta mikwaruzo ya kilichotangulia, na kujua kazi yako inataka usimame wapi.

Kitu cha kunolea ni chembe ngumu zilizoshikiliwa na gundi, udongo uliochomwa au karatasi. Chembe lazima iwe ngumu kuliko chuma. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachokwenda kutoka 1 hadi 10, kwatzi iliyomo kwenye mchanga wa mtoni iko kwenye 7, na inauzidi ugumu wa chuma cha kisu kizuri kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana jiwe la asili hunoa, ila polepole. Alumini oksaidi, ambayo mara nyingi huonekana ya kahawia au nyeupe, iko kwenye 9. Silikoni kabaidi, ile nyeusi au ya kijivu, inapita 9 kidogo. Hii ilipatikana Marekani mwaka 1891, Edward Acheson alipopitisha umeme mkali kwenye mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na unga wa makaa. Aliiita Carborundum, na hadi leo ndiyo chembe inayokaa kwenye msasa mweusi wa maji. Almasi iko kwenye 10. Vibao vyenye unga wa almasi bandia navyo vinauzwa. Vinafaa kwa chuma kigumu mno na kwa visu vya kauri ambavyo mawe ya kawaida hayaviwezi, lakini kwa visu vingi vya nyumbani si lazima uvinunue.

Kuhusu mawe ya asili, niseme wazi kwamba si kila jiwe gumu ni kinoo. Nyanda za juu zimejaa matale, kama Gangilonga pale Iringa mjini, na ni kawaida kuona mtu akipitisha panga kwenye jiwe lililo karibu. Matale mengi ya huku ni mchanganyiko wa madini yenye ugumu tofauti na chembe kubwa zisizolingana. Chembe laini zinalika haraka, ngumu zinabaki zimechomoza, na mwinamo unaishia na mikwaruzo mirefu hapa na mifupi pale. Kwa panga la kufyekea hilo halina madhara makubwa, lakini kwa kisu cha jikoni au patasi usipite huko. Ukitaka jiwe la asili, tafuta lenye chembe ndogo zinazolingana: liloweshe, lipapase kwa kidole, kisha lisugulie msumari. Likiacha mistari myembamba ya aina moja, litakusaidia. Likiacha mkwaruzo mmoja mkubwa katikati ya midogo, litupe.

Kinoo cha dukani cha pande mbili ndicho wengi wanakijua. Upande mmoja ni wa kukwaruza, wa pili ni laini zaidi, na mara nyingi hakina namba hata moja. Kwa kawaida hata ule upande laini bado ni wa kati tu. Unarudisha umbo la makali na kuondoa ubutu, haumalizi kazi. Mtu akinoa saa nzima kwenye upande huo akitafuta makali ya wembe, anachofanya ni kupunguza kisu. Kinoo hiki kina ugonjwa mwingine: katikati hulika na kuwa bonde, na kisu kinachonolewa bondeni hakiwezi kuwa na mwinamo ulionyooka. Dawa yake ni kukisawazisha. Mwaga mchanga na maji juu ya zege lililonyooka, kilaze kinoo kifudifudi, ukisugue kwa kuzungusha hadi mistari ya penseli uliyoichora juu yake ifutike yote. Chagua pia kimoja, maji au mafuta, usichanganye, kwa sababu kinoo kilichokunywa mafuta hakipokei maji tena. Mafuta ya kupikia yaache kabisa, yanaganda na kuziba vitundu, na kinoo kinaanza kuteleza.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote kwa mtu wa Nyololo anayetaka mwinamo laini bila gharama kubwa: msasa wa maji. Ni ile karatasi nyeusi wanayotumia mafundi rangi za magari. Usiuchanganye na msasa wa mbao, ule wa kahawia au njano, ambao karatasi yake kwa kawaida huoza ukilowa. Msasa wa maji ukiubandika juu ya kipande cha kioo cha dirisha kwa maji tu, unapata kinoo kilichonyooka kuliko mawe mengi, kisichotengeneza bonde, na unaweza kubadilisha ulaini kwa kubadilisha karatasi. Kingo za kioo zisugue kwanza kwa msasa wa kukwaruza uliolowa maji ili zisikukate, na chini yake weka kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze. Kipande cha taili kinaweza kuchukua nafasi ya kioo, mradi ukikague kwa rula kwamba hakijapinda.

Namba iliyo nyuma ya msasa ndiyo lugha yake, na ni lazima uisome vizuri. Namba ikipanda, chembe zinapungua ukubwa. Herufi P mbele ya namba ina maana kwamba karatasi imepimwa kwa utaratibu wa Ulaya. Kwa utaratibu huo P240 ina chembe za wastani wa maikroni 59 hivi, P400 maikroni 35, P800 maikroni 22, P1500 karibu 13, na P2500 karibu 8. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Msasa uliopimwa kwa utaratibu wa Marekani huandikwa namba bila P, na hapo hesabu inabadilika: 600 ya Marekani ina chembe za maikroni 16 hivi, ambayo ni karibu sawa na P1200. Mawe ya Kijapani nayo yana utaratibu wao, na jiwe lao la namba 1000 lina chembe ndogo kuliko za P1000. Kwa hiyo ukiambiwa "nimemalizia na elfu moja," uliza elfu moja ya nani. Ni bora ununue karatasi zako zote za aina moja ya upimaji ili zamu zako zisirudi nyuma bila wewe kujua.

Zamu inaanzia wapi? Inategemea hali ya kisu, wala si hamu ya kukimaliza. Kisu chenye mapengo kinahitaji tupa au upande wa kukwaruza wa kinoo hadi mapengo yaishe, na hakuna njia ya mkato. Kisu butu kisicho na mapengo kianze na P400. Kisu kilichopungua tu ukali kianze na P1000 au zaidi, kwa sababu kukiteremsha hadi P240 ni kukila bure. Kutoka hapo, ruka hadi karibu mara mbili ya namba, usizidi sana: P400, kisha P800, kisha P1500, na kama kazi inataka, P2500. Anayeruka kutoka P240 hadi P2000 huona mwinamo unang'aa, akadhani amefika, kumbe amepaka mng'ao juu ya vilele vya matuta huku mifereji ya P240 ingali imelala chini na inafika hadi ukingoni. Mng'ao peke yake usikudanganye.

Njia ya kuhakikisha kwamba kila karatasi imemaliza kazi yake ni kubadilisha mwelekeo. Ukiwa P400 vuta kisu kwa mshazari kuelekea kulia, na ukiingia P800 vuta kuelekea kushoto. Mistari mipya itaikata ile ya zamani, na utaona kwa macho yako kama bado ya zamani ipo. Iishe yote ndipo ubadilishe karatasi. Suuza kisu, kioo na mikono kila unapobadilisha, maana chembe moja tu ya P400 iliyobaki juu ya P1500 itakuachia mkwaruzo utakaokurudisha mwanzo. Kwenye karatasi, vuta kisu mgongo ukitangulia, usisukume makali mbele, yataichana. Kandamiza kidogo mwanzoni, na mwishoni acha uzito wa kisu wenyewe ufanye kazi. Karatasi iliyotumika usiitupe haraka. Chembe za silikoni kabaidi huvunjika na kuwa ndogo, hivyo P800 iliyochakaa inakwaruza kidogo kuliko mpya na inafaa kupitishwa mara chache kabla ya kuingia namba inayofuata.

Pembe lazima ibaki ile ile, la sivyo hata msasa mzuri namna gani utaacha mwinamo wa mviringo. Kisu cha jikoni kinataka nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kwa kisu chenye upana wa milimita 40 kutoka mgongo hadi makali, nyuzi 15 ni kuinua mgongo kama sentimita moja juu ya karatasi, na nyuzi 20 ni kama milimita 14. Pima mara ya kwanza kwa rula, baadaye mkono utakumbuka. Paka mwinamo wino wa maka peni, vuta mara mbili, kisha tazama. Wino ukitoka juu tu karibu na bapa, umelaza kisu mno. Ukitoka ukingoni tu, umekisimamisha mno. Ukitoka wote, endelea hivyo hivyo.

Wakati fulani, ukinoa upande mmoja, utahisi upande wa pili uzi mwembamba wa chuma umejitokeza kwenye makali. Papasa kwa kidole kutoka mgongo kuja nje, kamwe usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Uzi huo ukiwa umetokea kuanzia mpini hadi ncha, ni ishara kwamba umefika ukingoni na sasa ugeuze. Kwenye karatasi laini za mwisho unauondoa kwa kuvuta mara moja upande huu na mara moja upande ule, bila kukandamiza. Visu vingi rahisi visivyoshika kutu vina chuma laini, na uzi wake ni mkaidi: unalala upande huu, ukivuta unalala upande ule. Kwa visu hivyo simama kwenye P1000, kisha umalizie kwenye ukanda wa ngozi. Kupanda hadi P2500 hakutakulipa.

Ukanda wa ngozi, ule wa mkanda wa zamani, ubandike kwenye ubao uliorandwa, upande wa ndani wa ngozi ukiwa juu. Paka kidogo ile dawa ya kung'arishia rangi za magari inayouzwa dukani kunakouzwa msasa, au dawa ya kung'arishia vyuma. Vuta kisu mgongo ukitangulia, mara kadhaa kila upande. Usiinue mgongo kupita ile pembe ya kunolea, kwa sababu ngozi hubonyea na kuyaviringa makali. Osha kisu kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Usimame wapi? Kwa nyama, mimi ningesimama P800. Ngozi, mafuta na mishipa hukatwa vizuri na makali yenye meno madogo yanayolingana, na makali yaliyong'arishwa mno huteleza juu yake. Ile fimbo ya chuma yenye mpini ambayo muuza nyama hupitishia kisu chake kati ya mteja na mteja haili chuma kiasi cha kutosha kuitwa kinoo. Kazi yake kubwa ni kunyoosha makali yaliyolala, na inafaa tu kama kisu kilinolewa vizuri kabla. Panga na mundu vinataka tupa, nyuzi 25 hadi 30, na baada ya hapo kupitishwa kinoo kidogo kuondoa uzi. Chuma cha panga kimeachwa laini makusudi ili lisivunjike likigonga jiwe, na ndiyo maana tupa inakishika. Sukuma tupa mbele, inua unaporudi, na ipake chaki ili chuma kisinase kwenye meno yake. Tupa ikiteleza juu ya kisu bila kukishika, chuma hicho ni kigumu na kinataka jiwe au msasa. Visu vya wahunzi vilivyofuliwa kwa springi za magari hutofautiana sana kwa hili, kwa hiyo vijaribu kwa tupa kwanza, pembeni kidogo karibu na mpini.

Seremala ana sababu kubwa ya kupanda hadi juu. Paina ni mbao laini, na ulaini huo huwadanganya watu wakadhani inahitaji makali kidogo. Ni kinyume chake. Ukikata ncha ya ubao wa paina kwa patasi isiyo kali, nyuzi zinapondeka na kung'oka badala ya kukatika, na kiungo kinabaki na vishimo. Patasi na kisu cha randa vipelekwe hadi P2000 au P2500, mwinamo mmoja wa nyuzi 25 hadi 30, na ule upande bapa nao ulainishwe sentimita mbili tatu za mwanzo kwa namba zile zile. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana, na uso mmoja ukiwa na mifereji, ulaini wa mwingine haufai kitu.

Mgema ulanzi naye ningemweka pamoja na seremala, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu sijawaona wengi wakimfikiria. Msimu wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, kisha hurudi asubuhi na jioni kuondoa kipande ili kidonda kifunguke na maji ya mwanzi yaendelee kudondoka kwenye chombo. Chipukizi lina urefu wake, na kila kipande kinapunguza siku zilizobaki. Anayeweza kukata kipande chembamba kuliko wote ndiye atakayegema muda mrefu zaidi kwenye shina lile lile, na kipande chembamba hakikatwi kwa kisu chenye meno ya grainda, ambacho hukwama, huchana na kuponda nyuzi. Kisu cha kugemea kipandishwe hadi P1500 au P2000 na kumaliziwa kwenye ngozi. Mwanzi una silika ndani yake, hasa kwenye ganda la shina lililokomaa, na silika ni ile ile ya mchanga, kwa hiyo kisu cha ulanzi kisitumike kukatia mianzi ya uzio. Ngozi mara moja kabla ya kutoka asubuhi itakitunza kwa siku nyingi.

Grainda ina mahali pake, kwenye mapengo makubwa na kwenye panga lililovunjika ncha, lakini ina hatari mbili. Ya kwanza ni joto. Makali ni membamba na hupata moto kwa sekunde chache. Chuma kikibadilika rangi na kuwa njano ya nyasi kavu kimefika kama nyuzi 220 za Selsiasi, na kikiwa buluu kimekaribia 300, na hapo ugumu wa makali umepotea. Kukichovya kwenye maji baada ya rangi kutokea hakurudishi kitu. Chovya kabla, kila baada ya kugusa mara moja, na shika kisu bila glavu nene ili vidole vikuonye. Hatari ya pili ni ya mwili. Diski nyembamba ya kukatia isitumike kunolea kwa ubavu wake, kwani haikutengenezwa kubeba mzigo wa pembeni na inaweza kupasuka ikarusha vipande. Tumia diski ya kusagia au ya msasa, vaa miwani ya kujikinga, na usiondoe kinga ya mashine. Vumbi la mawe yenye kwatzi huharibu mapafu, na huko Sheffield, Uingereza, wanoaji wa karne ya 19 waliokuwa wakitumia magurudumu makavu ya mawe ya mchanga walikufa wengi kwa ugonjwa wa mapafu. Kwenye kioo na msasa wa maji hakuna vumbi linaloruka.

Mwenye fedha ya kununua vitu vichache tu aanze na kipande cha kioo na karatasi za P400, P800 na P1500. Azikate kila moja vipande vinne na kuandika namba nyuma ya kila kipande kwa maka peni, maana namba ya kiwandani inaweza kubaki kwenye kipande kimoja tu. Karatasi azianike zikiwa zimelazwa, kwa sababu zikikaukia zimejikunja zitavunjika. Kinoo cha pande mbili kifuate baadaye, kwa ajili ya mapengo, na P2500 ifuate kwa aliye na patasi au randa.